Joto la Kisima cha Aloisi

Kilema, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Yasinta,

Utakapoisoma hii utakuwa umeshapaa, huwezi kunijibu, na ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kwa mdomo unanishinda siku hizi. Kwa kalamu bado mimi ni baba yako. Wenzangu niliosoma nao mpaka darasa la nne wamesahau hata majina yao, wanaweka dole gumba kama watoto. Mimi naandika mstari ulionyooka bila rula. Na herufi ya kwanza uliyoijua duniani nilikuonyesha mimi, kwa mkaa, kwenye mlango wa banda la ng'ombe. Si mwalimu, si mtu mwingine yeyote. Nataka hilo liwe limeandikwa kabla ya mengine.

Umeteremka Himo na mama yako kuwaaga wajomba. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mambo ya sweta na ya kusali mama yako anakuambia tangu juzi, sina la kuongeza. Mimi nina moja tu na limenikaa kooni. Tangu Jumapili unaniuliza, "Baba, utanisindikiza uwanja wa ndege?" nami nakujibu, "Tutaona." Unadhani nawafikiria ng'ombe watabaki na nani. Siyo ng'ombe. Ni gari. Atakayekuja kesho kukuchukua na Land Rover yake mpaka KIA ni yule yule, na mimi sijui kama naweza kukaa kwenye gari la mtu ambaye nimemwonea wivu miaka yote hii huku anakunywa chai yangu. Wewe unayesoma unajua kama nilikuja au sikuja. Mimi ninayeandika bado sijui.

Haya, nimeliandika hilo neno. Wivu. Kwa Kichagga ningelisema vizuri zaidi, lakini makosa ya kuandika Kichagga ungeyacheka.

Jina lake siliweki kwenye karatasi hii. Huku wote wanamwita Dokta wa Joto, inatosha.

Nianze na kisima, maana watu wanakisimulia vibaya. Wewe ulikuwa bado bweni. Ulikuwa ule wakati kahawa ilianza kununuliwa na kila mwenye mizani na gunia, na mimi nikaona mbali kuliko wenzangu kwamba kahawa inakwisha, mwenye maji ndiye atakayekula. Wakaja wachimbaji wa mradi wa maji kule tambarare, chini ya Himo, tunakolima mahindi. Kamati ilitaka wachimbe kwenye bonde la Mzee Kaloli. Nikasimama nikasema hapana, maji yako kwangu, nayasikia yakipita nikilala kifudifudi. Nilisema mkutano wa kwanza, nikasema wa pili, wa tatu wakachoka wakanikubalia. Wachimbaji wakachimba wiki nzima. Maji yakatoka kidogo, machungu, mbuzi wakayaonja wakapiga chafya. Wale vijana wakafunga mashine zao, wakaniachia bomba la chuma limesimama ardhini na kifuniko juu yake.

Kaloli alikuja kuliangalia, akalizunguka, akalipiga kwa fimbo.

"Aloisi, meku, mzee mwenzangu, hongera. Wengine tunazikwa kwenye udongo, wewe umejichimbia kaburi la bomba."

Kijiji chote kikalirithi lile neno. Lakini sikukosea kuhusu maji, mwanangu. Maji yalikuwepo. Nilikosea kuhusu ladha.

Sasa fikiria, mtu amechekwa namna hiyo, halafu siku moja anatokea mgeni na gari la serikali, Mnyakyusa mwembamba mwenye miwani, anazunguka visima vyote vibovu vya wilaya. Visima vizuri havitaki. Anasema huku juu mlimani maji yanatembea chini kwa chini, yanabeba joto la ardhi na kuondoka nalo, huwezi kupima kitu. Anatafuta kisima ambacho maji yake yamesimama. Akafungua kifuniko changu, akateremsha kamba, akaipandisha, akaniangalia.

"Shikamoo mzee. Hiki ni kisima kizuri sana."

Alikuwa mtu wa kwanza kulisema hilo. Nilimpenda kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kabla hajamaliza cha pili akauliza kama kuna kijana aliyesoma hesabu, wa kumwandikia namba, na wewe ulikuwa umemaliza fomu siksi unasubiri matokeo, ukasema, "Mimi," hata sijatua kikombe.

Nilikuja siku ile ya kwanza kuona kazi gani hiyo. Nilisimama na jembe langu kama mtu aliyekuja kupalilia. Mlikuwa na waya mrefu kwenye gurudumu, na kwenye ncha yake kipimajoto chembamba kama kalamu. Mnakiteremsha kidogo, mnangoja kitulie, yeye anasoma, wewe unaandika. Mnateremsha tena, mnangoja tena. Nikasema moyoni, hii si kazi, huu ni uvivu wenye vyombo. Kisha nikaona uso wako. Namba zilikuwa zinapanda polepole kila waya ulivyoshuka, na wewe ulikuwa unazisubiri kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua. Uso ule niliujua. Ulikuwa wangu. Ndivyo ulivyokuwa unaniangalia mimi nikikusimulia habari za kileleni.

Hapo ndipo ilipoanza. Nikuambie ukweli wote.

Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo ya wageni mlimani. Wapagazi wengi wanaishia kambini. Mimi nilifika mpaka ndani ya lile bonde la juu kabisa, kwenye majivu, mahali panapotoka mvuke na harufu ya kiberiti, na nikaweka kiganja changu chini. Palikuwa na moto. Barafu huku, moto huku, na mimi katikati na viatu vya matairi. Ulipokuwa mdogo ulinisimulisha hiyo habari mpaka mama yako akawa anaondoka mezani. "Baba, mlima una homa?" Nami nakujibu, "Una homa, na mimi ndiye niliyeushika paji la uso." Ulikuwa unakishika kiganja changu unakigeuza, unakitazama.

Siku moja Dokta amekaa pale barazani, na wewe ukamwambia, kwa fahari kabisa, "Baba yangu alishawahi kuushika moto wa kule juu." Nikaisimulia. Niliisimulia vizuri kuliko siku zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Mzee, hiyo ni habari kubwa. Ila kiganja kilichoganda na baridi hudanganya. Kwenye baridi ile hata jiwe la vuguvugu lingekuchoma."

Alisema kwa heshima. Hata mimi nilisikia heshima yake. Lakini wewe ulimgeukia yeye, ukamuuliza, "Kwa hiyo ungepimaje?" Wala hukuniangalia. Tangu siku ile hukuniuliza tena habari za mlima. Nilisubiri. Kila ukirudi kutoka tambarare nilisubiri uniulize lolote, ukawa unasema, "Dokta anasema." Dokta anasema nchi hii inachanika, kutoka huko Uhabeshi inateremka mpaka kwetu, inachanika polepole kama kitambaa kinachovutwa pande mbili, na joto la chini linapanda pale palipokuwa pembamba.

"Inachanika kuelekea wapi?" nikauliza. "Kama kihamba changu kinaondoka, mwenye nyumba apewe taarifa."

Ulicheka, na mama yako akacheka. Sikuwa natania. Ardhi ya babu yangu inapasuka, na anayejua ni Mnyakyusa wa Tukuyu.

Iko siku moja ambayo sikuwa na wivu, nayo nataka uichukue. Mama yako alikuwa amebandika mtori. Ulichukua mwiko wa mti na kijiko cha bati, ukavitumbukiza vyote kwenye sufuria moja, ukaniambia nishike mipini. Kijiko kikaniunguza, mwiko haukufanya kitu. Ukasema, "Baba, sufuria ni moja, moto ni mmoja. Ndiyo maana kujua joto peke yake haitoshi, lazima tujue na mwamba wenyewe unapitisha joto kiasi gani. Ukivijua vyote viwili ndipo unajua ni joto kiasi gani linatoka chini kuja juu." Nikasema sijaelewa. Ukaanza upya. Nikasema bado. Ukaleta mwiko mwingine na uma, ukakaa kwenye kigoda karibu na goti langu. Yasinta, nilielewa mara ya kwanza. Mimi si mjinga. Nilitaka uendelee kukaa.

Sasa ya mbege. Kijiji kizima kinaijua na kila mtu anaisimulia kwa mkono wake, kwa hiyo na mimi niisimulie kwa wangu.

Mlikuwa mmeondoa tope la ndani ya kisima mkakiacha kipumzike tangu masika. Ulinieleza kwamba kisima kikiguswa hakisemi kweli, kinasema joto la kile kilichokigusa, mpaka kitulie. Nilikusikia. Lakini na mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nani anafungua ardhi ya watu, anaingiza chuma mpaka walipolala wazee, na hajawaonjesha hata tone? Padre anayo yake na mimi ninayo yangu, sijawahi kuzichanganya. Mama yako akapika mbege ya ndizi mbivu na ulezi mwingi, nikamchukua Kaloli na wazee wengine wawili kama mashahidi, tukateremka asubuhi ile ile mliyokuwa mnakuja kupima. Nikamtaja babu, nikamtaja baba, nikamimina. Wengine humimina kidogo na kunywa kinachobaki. Mimi nilimimina debe zima. Kaloli akaangalia ile mbege inavyozama akasema, "Mwenzetu leo ametukomoa sisi tulio hai."

Ndipo gari likatokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmechelewa, wenye nyumba wameshakunywa."

"Wamekunywa nini?"

Kaloli akadakia, "Mbege, mheshimiwa. Wewe chukua kipimo chako, leo utawakuta wamechangamka."

Dokta aliinama kwenye bomba akanusa. Hakugomba. Angegomba ningemshinda. Akauliza tu, "Debe zima?"

"Zima. Mimi si mchoyo."

Wewe ulikuwa bado umeshika mlango wa gari. "Baba, umekiharibu."

"Nimekibariki."

"Kilikuwa kimetulia. Tumekingojea tangu masika."

"Na sasa kitalala vizuri zaidi."

Kaloli alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Wewe hukucheka. Uliingia kwenye gari ukafunga mlango polepole, na ule upole wake bado nausikia.

Yale ambayo hukuwahi kuambiwa ni haya. Mimi sikujua kwamba vipimo vile ndivyo vilivyokuwa vinangojewa huko ng'ambo, kwamba bila kazi ile kukamilika nafasi yako ya masomo ingepewa mwingine. Naapa kwa hilo. Lakini mama yako aliponiambia, "Haya, furahi, mtoto haondoki tena mwaka huu," nilichukua panga nikaingia migombani, nikaangusha mkungu mkubwa kuliko tuliohitaji, na nikajikuta naimba. Niliimba, mwanangu. Wewe ukiwa chumbani umejifungia, baba yako alikuwa kwenye migomba anaimba. Mwaka ule uliobaki nyumbani nilikunenepea. Watu wakasema Mzee Aloisi amepona. Nilikuwa sijapona, nilikuwa nimekula cha mtu.

Kukaa na wewe umekasirika si sawasawa na kukaa na wewe. Hilo nilikuja kuligundua baadaye kidogo, ukipita na ndoo bila kunitazama. Unaweza kumzuia mtu asiondoke na bado hayupo. Ukija kupata wa kwako utaona ni jambo ambalo mtu hujifunza kwa kuumia tu.

Kisha akaja na isale.

Ulimfundisha wewe, usikatae. Mnyakyusa angejuaje? Alikuja kwa miguu, gari kaliacha barabarani, amelishika lile jani kwa mikono miwili, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikasema kimoyomoyo, amekuja kunisamehe, na nikajiandaa kumkatalia, maana msamaha wake sikuuomba. Akapiga goti.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Niliingia ardhini kwako bila kuuliza walioko chini. Wewe ulifanya ambalo nilipaswa kulifanya mimi kwanza."

Jani la isale likiletwa kuombea radhi halirudishwi, awe ameleta mtoto au adui. Hata aliyeuliwa ndugu yake analipokea. Nililipokea. Nilikasirika kuliko siku yoyote, kwa sababu aliyekosa nilikuwa mimi na aliyepiga goti alikuwa yeye, na wewe ndiye uliyempa silaha ya nyumbani kwetu. Akaniambia, "Sasa nakuomba kimoja. Kipumzike mpaka mwakani, na mtu asikiguse. Hakuna anayeweza kukilinda ila wewe."

Unajua nilichofanya maana ulikuwa unakuja kuniona. Nilizungushia miiba. Nikaweka bati juu ya kifuniko, na jiwe juu ya bati. Nilifukuza mbuzi, nikafukuza watoto, nikamfukuza hata Kaloli aliyekuja na kibuyu chake akidai wazee wana kiu. "Ondoka, Kaloli." "Unalinda nini, meku? Maji ya uchungu?" Nilikuwa nalinda kitu ambacho kikitulia kingekuchukua. Kila siku niliyokizuia kisiguswe nilikuwa nakusukuma mwenyewe kuelekea mlangoni. Nilijua. Mara nyingi nilikaa pale jua linawaka, na dumu la maji ya kunywa lilikuwa mkononi mwangu, na bati lilikuwa rahisi kuinua.

Sikuinua. Hilo naomba ulihesabu kama sifa, maana sifa zangu nyingine nimezisema sana mpaka zimechoka.

Mlipokuja kupima mara ya mwisho niliruhusiwa kushika gurudumu. Nililizungusha taratibu kuliko kijana yeyote. Namba zikapanda vizuri, moja baada ya nyingine, bila kurukaruka, na wewe ukazichora kwenye karatasi ukaniletea mstari ulionyooka karibu kama wa kwangu. Nikamuuliza Dokta, "Haya, joto letu ni kubwa kiasi gani? Limewashinda wa Maji Moto?" Akakuna kidevu. "Mzee, ni la kawaida. Tena chini kidogo ya nilivyotegemea."

La kawaida! Nimelinda kisima mwaka mzima, nimechomwa na miiba, halafu la kawaida. Nilitaka kuwafukuza wote wawili. Wewe ukanishika mkono, mara ya kwanza tangu ile mbege, ukasema, "Baba, hilo ndilo jibu. Tulikuwa hatujui kama huku joto linapanda au halipandi, sasa tunajua. Hakuna mtu duniani aliyelijua hili kabla yetu watatu."

Ulisema watatu. Nilihesabu mwenyewe, wewe, yeye, na nani? Nikaona ni mimi.

Nasikia huko Aislandi unakokwenda kuna barafu juu na moto chini, na nchi yao nayo inachanika, tena wazi kabisa, mtu anaweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Nimeionea wivu hata hiyo nchi. Watakupa visima vya kweli, vyenye mvuke, na kisima cha baba yako kitakuwa habari ya kuchekesha wenzako. Waambie. Waambie na ya debe. Ila uwaambie kwamba nilimimina lote.

Nimesikia sauti ya mama yako njiani, mmeshafika kwa Kaloli, anawachelewesha kwa maneno. Nimalizie.

Nitakuja kesho. Nimelijua sasa hivi nikiandika, wala usiniulize ni mstari upi. Nitakaa kiti cha mbele, hilo sijadiliani na mtu. Wewe na mama yako mtakaa nyuma na masanduku. Yeye ataendesha. Mama yako atalia kuanzia Himo, tena atashukia Majengo kwa dada yake kama alivyosema, maana hawezi kukuona ukiingia ndani. Mimi nitakuona. Nitasimama mpaka mwisho na nitakuwa nimevaa koti.

Lakini yatakayofuata hutayaona, ndiyo nakuandikia. Ukishaingia pale tusiporuhusiwa, tutabaki sisi wawili, mimi na Dokta, na gari ni moja, na kutoka KIA mpaka Kilema ni mbali. Hatujawahi kukaa bila wewe katikati. Itabidi mmoja aanze kuongea, na mimi si mtu wa kuanza. Nimefikiria ni kitu gani nilicho nacho ambacho yeye hana. Hakukujua ulipokuwa mdogo. Hajui ulivyokuwa ukikataa kulala, hajui ulivyoanguka kwenye mfereji ukatoka umeshika kaa, hajui chochote cha miaka ile, na yeye ni mtu anayependa kujua.

Basi nitaanzia hapo. Njia nzima nitamsimulia.

Mimi baba yako,
Aloisi